Mbona Sisi Hatukuulizwa? Jinsi Tafiti za Kaya Zinavyoisoma Hali ya Nchi

Ripoti ya utafiti ikitoka, iwe ya afya, ya elimu au ya maoni ya wananchi kuhusu maji na polisi, mabishano huanza siku hiyohiyo. Mmoja atauliza: "Hao walioulizwa ni akina nani? Mbona mtaani kwetu hajafika mtu?" Mwingine atasema namba zimepikwa. Wa tatu ataichukua namba moja tu, ile inayomfaa, na kuitangaza kila mahali bila kueleza imepatikana vipi. Wote wanastahili kujibiwa vizuri, kwa sababu namba hizi huamua zahanati ijengwe wapi, chanjo ipelekwe kwa wingi mkoa gani na walimu waongezewe nini.

Tuanze na maneno yenyewe. Sensa ni kuhesabu kila mtu. Tanzania ilifanya sensa Agosti 2022 ikapata watu 61,741,120. Ni kazi ghali mno, ndiyo maana hufanyika mara moja kila baada ya miaka kumi, na karani wa sensa hana nafasi ya kukaa saa nzima na kila mama akimuuliza mtoto wake wa mwisho alizaliwa wapi na amechanjwa nini. Chanzo cha pili ni kumbukumbu za utawala: rejista ya wajawazito zahanati, daftari la mahudhurio shuleni, orodha ya wateja wa mamlaka ya maji. Hizi huandikwa kila siku na ni muhimu sana, lakini zina kasoro moja ya kuzaliwa nayo. Zinamjua aliyefika tu.

Chanzo cha tatu ni utafiti wa kaya kwa sampuli. Wadadisi huzifuata majumbani kaya chache zilizochaguliwa kwa bahati nasibu, na kutokana na majibu yao nchi nzima hukadiriwa. Na hapa ndipo watu wengi hukwama: itakuwaje wachache wawasemee mamilioni?

Mnunuzi wa maharage anaielewa hoja hii kuliko maprofesa wengi. Hamwagi gunia zima chini. Anachukua bambo, kile chuma chenye ncha cha kutolea punje guniani, anachoma ubavuni, anachoma katikati, anachoma karibu na kitako, anamimina punje kiganjani na kuzitazama. Anachoma sehemu mbalimbali kwa sababu anajua maharage mazuri yanaweza kupangwa juu na yaliyobunguliwa yakafichwa chini. Gunia likiwa kubwa zaidi hahitaji kiganja kikubwa zaidi. Anachohitaji ni bambo kufika kila upande.

Mtafiti hufanya vivyo hivyo. Chukua Utafiti wa Demografia na Afya na Viashiria vya Malaria Tanzania wa 2022, ulioendeshwa na Ofisi ya Taifa ya Takwimu na ile ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali Zanzibar pamoja na wizara za afya. Nchi ilikuwa imeshagawanywa katika maeneo madogo ya kuhesabia watu. Kila mkoa, mjini na vijijini, maeneo yakachaguliwa kwa bahati nasibu hadi kufika 629. Katika kila eneo kaya zote zikaorodheshwa upya, kisha zikachaguliwa 26. Kaya 15,705 zikahojiwa, wanawake 15,254 wa umri wa miaka 15 hadi 49, na wanaume 5,763.

Sasa piga hesabu. Tanzania ina kaya zaidi ya milioni 14. Waliofikiwa ni takriban kaya moja kati ya 900. Kwa hiyo kutoulizwa kwako, wala kwa jirani, wala kwa mtaa wako mzima, si dalili ya udanganyifu wowote. Ni jambo la kutarajiwa kabisa.

Kuna kanuni moja ya kazi hii ambayo wananchi hawaielezwi vya kutosha, nami naiona kuwa ndiyo roho yake. Mdadisi akikuta mlango umefungwa haruhusiwi kuhamia nyumba ya pili. Anarudi baadaye, na akikosa anarudi tena. Kwa nini? Kwa sababu wanaopatikana nyumbani saa nne asubuhi ni watu wa aina fulani: wazee, wagonjwa, mama mwenye mtoto mchanga. Ukiwahoji hao badala ya dereva wa bodaboda na muuza samaki aliyeondoka alfajiri, umechota juu ya gunia tu. Mwenyekiti wa mtaa naye, hata awe na nia njema kiasi gani, hapewi nafasi ya kusema "nendeni kwa fulani, huyo anajieleza vizuri."

Imani kwamba wingi wa watu peke yake unatosha iliwahi kuliaibisha jarida kubwa la Marekani. Mwaka 1936 *Literary Digest* lilituma kadi zipatazo milioni kumi kuuliza nani atashinda urais, likarudishiwa zaidi ya milioni mbili, likatabiri ushindi wa Alf Landon. Franklin Roosevelt akamshinda vibaya. Majina ya waliotumiwa kadi yalitoka kwenye vyanzo kama orodha za wenye simu na wenye magari, wakati wa dhiki kubwa ya uchumi, na waliojibu walikuwa wale wenye hamu ya kujibu. George Gallup, mtafiti wa maoni aliyehoji watu wachache zaidi kwa uangalifu zaidi, alipatia. Kura zinazopigwa leo kwenye makundi ya WhatsApp na kurasa za mitandao zina ugonjwa uleule. Hata wakipiga watu laki mbili, hao ni laki mbili waliojileta wenyewe.

Kwa sababu hiyo shirika lisilo la kiserikali la Twaweza, lilipoanzisha utafiti wa Sauti za Wananchi mwaka 2013 ili kuwahoji watu kwa simu, halikupiga namba za watu waliokuwa na simu tu. Lilichagua kaya kwanza, likazigawia simu na chaja za jua, ndipo likaanza kuzipigia. Bila hivyo sauti ya asiye na simu, ambaye mara nyingi ndiye anayechota maji mbali zaidi, isingesikika kabisa.

Makadirio yoyote ya sampuli huja na upana wake wa makosa. Afrobarometer, mtandao wa utafiti wa maoni barani Afrika ambao nchini Tanzania hushirikiana na taasisi ya utafiti ya REPOA, huhoji watu 1,200 au 2,400 kwa nchi. Kwa 1,200, jibu linaweza kupanda au kushuka kwa takriban pointi tatu. Kwa 2,400, takriban mbili. Ukitaka kuupunguza upana huo kwa nusu unahitaji watu mara nne, siyo mara mbili, na gharama hupanda haraka kuliko faida. Basi mtu akisema uungaji mkono wa jambo fulani "umeshuka kutoka asilimia 51 hadi 50," hajasema kitu.

Lakini faida kubwa ya tafiti hizi, kwa maoni yangu, ni kwamba zinatuonyesha wasiofika. Mwaka 2015-16 asilimia 63 ya watoto Tanzania walizaliwa katika vituo vya afya. Mwaka 2022 ilikuwa asilimia 81. Ni hatua kubwa, na wauguzi wetu wanastahili shukrani. Hata hivyo watoto 19 kati ya 100 walizaliwa kwingine: nyumbani, njiani, kwa mkunga wa jadi. Ungeisoma rejista ya zahanati kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho usingewaona. Wanajulikana kwa sababu mdadisi alikaa na mama zao na kuuliza.

Kwenye elimu jambo hili lilijitokeza kwa uchungu zaidi. Kenya ilifuta karo za shule ya msingi mwaka 2003, Tanzania ilikuwa imefuta ada za msingi miaka miwili kabla, na madarasa yakafurika. Takwimu za uandikishaji zikapanda, viongozi wakashangiliwa. Kisha Uwezo, mradi wa kupima kama watoto wanajua kusoma na kuhesabu, wakifuata mfano wa India, wakafanya jambo rahisi: walimfuata mtoto nyumbani na kumpa karatasi yenye herufi, maneno, aya na hadithi fupi ya kiwango cha darasa la pili. Mwanangu, nisomee hapa. Basi. Walikwenda nyumbani kwa makusudi, maana ukipima shuleni unamkosa asiyeandikishwa na aliyebaki kuchunga mbuzi siku hiyo. Nchini Kenya walipata kwamba ni watoto takriban watatu tu kati ya kumi wa darasa la tatu walioweza kazi ya darasa la pili. Wizara ilikuwa ikihesabu waliokaa kwenye madawati, na mzazi alidhani kukaa huko ni kusoma. Namba zote mbili zilikuwa za kweli, ila zilijibu maswali tofauti.

Nenda sasa Iringa, mahali ninapotamani kila mpenda takwimu apatafakari. Mahindi ya Nyanda za Juu Kusini hulisha nchi. Mtu yeyote angedhani watoto wa huko ndio wenye afya kuliko wote. Utafiti wa 2022 ulikuta udumavu, yaani mtoto kuwa mfupi mno kwa umri wake, wa asilimia 30 kwa watoto wa chini ya miaka mitano kitaifa, na Iringa ikawa ya kwanza kwa ubaya, asilimia 57. Njombe na Rukwa, nao wakulima hodari, walikuwa karibu asilimia 50.

Udumavu hupimwa kwa ubao wa kupimia urefu. Mtoto wa chini ya miaka miwili hulazwa chali, mtu mmoja akishika kichwa na mwingine akinyoosha miguu. Mkubwa zaidi husimama. Urefu wake hulinganishwa na umri wake kwa viwango vya Shirika la Afya Duniani. Hapo wengi hupinga: "Sisi ni wafupi kwa asili." Viwango hivyo, vilivyotolewa 2006, vilitokana na watoto waliolelewa na kulishwa vizuri katika Brazil, Ghana, India, Norway, Oman na Marekani, na ikaonekana kwamba katika miaka mitano ya mwanzo watoto wa mataifa hayo hukua kwa namna inayokaribiana sana. Tofauti kubwa za urefu utotoni hutokana zaidi na lishe, maradhi na malezi kuliko kabila.

Je, utafiti ulisema kwa nini Iringa? Haukusema, wala haikuwa kazi yake. Utafiti wa sampuli unaonyesha tatizo liko wapi na kwa nani. Sababu hutafutwa kwa njia nyingine. Wataalamu wa lishe wanataja uji wa mahindi matupu usio na maziwa, karanga wala mboga, mama anayeshinda shambani huku mtoto akila mara mbili kwa siku, na magonjwa ya kuhara yanayorudi kila mara. Ghala kujaa hakumaanishi sahani ya mtoto ina kila anachohitaji. Bila zile namba, nani angeupigania mpango wa lishe katika mkoa wenye chakula?

Kenya inatoa funzo lilelile kuhusu wastani. Mwaka 2022 udumavu ulikuwa umeshuka hadi asilimia 18, kutoka 26 mwaka 2014. Kaunti ya Kilifi ilibaki na asilimia 37. Wastani wa watoto kwa mwanamke ulikuwa 3.4, lakini Nairobi ilikuwa 2.5 na Mandera 7.7. Anayepanga shule za Mandera kwa kutumia 3.4 atajenga madarasa nusu ya yanayohitajika. Kupata picha ya kila kaunti kati ya 47 kulihitaji sampuli kubwa sana, zaidi ya kaya 37,000 zilizohojiwa. Ndiyo sababu usikubali mtu akuambie kata yako "imeshika mkia" kwa kutumia utafiti wa taifa uliohoji kaya 26 hapo, au usiohoji hata moja.

Mada iliyoleta mkanganyiko kuliko zote Tanzania ni vifo vya uzazi. Utafiti wa 2010 ulikadiria vifo 454 kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa 2015-16 ukasema 556. Wengi wakahitimisha kwamba akina mama wanakufa zaidi kuliko zamani. Ungetazama jedwali lenyewe, ungeona kila namba imeandikiwa upana wake: ya 2010 ilikuwa kati ya 353 na 556, na ya 2015-16 kati ya 446 na 666. Pande hizo mbili zinaingiliana kwa sehemu kubwa. Kwa maneno mengine, data haikuweza kuthibitisha kwamba vifo viliongezeka, wala kwamba vilipungua.

Kwa nini upana uwe mkubwa hivyo ilhali maelfu ya wanawake walihojiwa? Kwa sababu, kwa takwimu, kifo cha uzazi ni tukio adimu, hata kama kwa familia moja ni dunia nzima kuanguka. Namba 556 ni chini ya vifo sita kwa kila vizazi elfu moja. Waliokufa, tena, hawawezi kuhojiwa. Mdadisi humuuliza mwanamke kuhusu ndugu zake wa tumbo moja, mmoja baada ya mwingine: yu hai? Alifariki akiwa na umri gani? Alikuwa mjamzito, alikuwa akijifungua, au alikuwa amejifungua hivi karibuni? Matukio yanayosimuliwa ni ya miaka mingi iliyopita, kwa hiyo namba ya "2015-16" si picha ya mwaka huo peke yake.

Mwaka 2022 makadirio yakawa 104. Hiyo ni tofauti kubwa mno kuwa bahati ya sampuli peke yake, nami naamini uzazi Tanzania umekuwa salama zaidi. Lakini Shirika la Afya Duniani na washirika wake katika Umoja wa Mataifa, wakitumia mahesabu yanayounganisha vyanzo vingi, walikadiria 238 kwa mwaka 2020. Kila upande una njia yake, na mwandishi wa habari anayetaja moja bila kueleza imetokana na njia gani anawanyima wasomaji nusu ya habari. Zote mbili zinaonyesha kushuka. Hazikubaliani tumefika wapi.

Jambo jingine linalopotosha ni kusahau swali liliulizwa kwa nani. Tafiti nyingi za huduma za umma huuliza kwanza kama umekwenda kituo cha afya au polisi ndani ya mwaka uliopita, na wale tu waliokwenda ndio huulizwa kama walidaiwa rushwa. Tuseme kati ya watu 100, 40 walikwenda na 10 wakatoa rushwa. Gazeti moja litaandika asilimia 10, jingine asilimia 25, na yote mawili yatakuwa sahihi. La kwanza limegawanya kwa watu wote, la pili kwa waliopita mlangoni. Kwa mgonjwa anayejiandaa kwenda kesho, namba yenye maana ni ya pili.

Tafiti zina udhaifu wake na zisitetewe kupita kiasi. Watu husahau. Watu huficha. Mama akiwa hana kadi ya kliniki, chanjo za mtoto huandikwa kwa kumbukumbu yake. Maswali ya ukatili wa ndani huulizwa kwa mwanamke mmoja tu katika kaya, faraghani, na mtu akiingia mazungumzo hayo hukatizwa. Hata hivyo wengine hunyamaza kwa hofu, kwa hiyo ukweli huenda ukawa mbaya kuliko namba. Katika tafiti za maoni, mhojiwa anayedhani mdadisi katumwa na serikali huchunga ulimi. Mpangilio wa swali nao hugeuza jibu, hivyo ripoti isiyoonyesha maswali yake kama yalivyoulizwa haistahili kuaminiwa.

Uhuru wa kufanya tafiti hizi nao umewahi kutikiswa. Septemba 2018 Bunge la Tanzania lilirekebisha Sheria ya Takwimu ya 2015, na kuchapisha takwimu zinazopotosha au kubeza takwimu rasmi kukawa kosa la jinai. Mwaka uliofuata kifungu hicho kilirekebishwa tena baada ya malalamiko ya ndani na nje. Kwangu mimi takwimu rasmi hupata nguvu pale mtu mwingine anaporuhusiwa kupima jambo lilelile kwa njia yake.

Tishio la sasa limetoka kwingine. Programu ya kimataifa iliyosaidia tafiti za demografia na afya tangu 1984, katika nchi zaidi ya 90, ililipiwa kwa sehemu kubwa na Marekani kupitia shirika lake la misaada, USAID, na mwanzoni mwa 2025 fedha hizo zilisitishwa. Baadaye wafadhili wengine walijitokeza kuokoa sehemu ya kazi hiyo. Tanzania imezoea kupata utafiti huu kila baada ya miaka mitano hadi saba: 2004-05, 2010, 2015-16, 2022. Ili tujue kama asilimia 57 ya Iringa imeshuka, lazima wadadisi warudi na ubao uleule wa kupimia watoto. Fungu la kuwarudisha linapaswa kuwa kwenye bajeti yetu wenyewe, na wabunge wa Iringa, Njombe na Rukwa wangekuwa wa kwanza kuliuliza.